Salamu Zilizomlaza Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakichemsha chai na kununiana na majirani kama sisi, aliishi Pimbi na familia yake katika ufa wa jabali moja kubwa. Mnamjua Pimbi? Yule mnyama mdogo, mnene mnene, masikio ya duara, mkia hana. Ukimweka ndani ya kikapu cha mama yako, nafasi ya vitunguu inabaki.

Chini ya jabali palikuwa na bwawa. Kando ya bwawa palikuwa na nyumba ya Nyati.

Huyo Nyati sasa! Shingo kama gogo la mvule. Akipiga chafya, nyasi za paa zinadondoka. Akikohoa asubuhi, Fisi walioishi ng'ambo ya kilima walikunja mikia na kutafuta njia nyingine ya kupita. Hata Simba alimsalimia kwa mbali.

Mwaka huo jua liliwaka mpaka mawe yakapasuka. Visima vyote vikakauka, maji yakabaki pale bwawani tu. Nyati akasimama ukingoni, akatangaza:

"Sikilizeni nyote! Hapa anakunywa Nyati. Kisha anakunywa mke wa Nyati. Kisha Nyati anaoga. Yakibaki, nitafikiria!"

Kila siku alifikiria, na kila siku jibu lake lilikuwa hapana.

Wadogo wakaanza kulamba umande kwenye majani. Umande nao ukaisha. Ndipo asubuhi moja binti wa Pimbi, Sikitu, alipoinuka kitandani, akapiga hatua, akaanguka puu! Macho yamegeuka, ulimi mkavu kama kipande cha ngozi.

"Baba Sikitu!" mkewe Pimbi alipiga kelele. "Mtoto anakufa! Unasimama tu?"

Pimbi alichukua kibuyu, akateremka jabali mbio. Alimkuta Nyati yuko majini hadi tumboni, anajimwagia maji mgongoni na kuimba.

"Shikamoo, mjomba."

"Nani huyo? Nasikia sauti, simwoni mtu."

"Ni mimi, mjomba. Jirani yako Pimbi. Mwanangu kazimia kwa kiu. Naomba kibuyu kimoja tu."

Nyati akatoka majini taratibu, akainama mpaka pua yake ikamgusa Pimbi usoni. "Kibuyu kipi?"

"Hiki hapa."

Nyati akaweka kwato juu ya kile kibuyu. Kacha! Vipande vikaruka.

"Mimi sioni kibuyu," alisema, akarudi kuoga.

Pimbi alisimama pale haoni wala hasikii. Si kwamba hakujua Nyati ni katili. Alijua. Lakini kusikia kwamba mtoto amezimia, halafu ukavunja kibuyu? Alipanda jabali mikono mitupu.

Bahati nzuri mkewe alikuwa amekumbuka tango pori alilolificha kwenye majivu. Alilipasua, akamkamulia Sikitu maji yake mdomoni. Mtoto akafumbua macho. Alipopata nguvu kidogo akasimama, akaanza kutembea huku akichechemea.

"Una nini mguuni?" Pimbi aliuliza.

"Mwiba, baba."

"Mwiba gani? Si niliutoa jana ukiwa umelala?"

"Uliutoa?" Sikitu aliinua mguu, akautazama unyayo wake. Hapakuwa na mwiba. Akaushusha, akaondoka anatembea sawasawa, hachechemei hata kidogo.

Pimbi akabaki mdomo wazi.

"Mama Sikitu! Umeona?"

"Nimeona nini? Mtoto anatembea."

"Ndiyo! Lakini alikuwa anachechemea kwa mwiba usiokuwepo! Mguu ulikuwa mzima, yeye akaamini ni mbovu, na ukawa mbovu!" Pimbi alizunguka chumba kizima. "Sasa mtu akimwambia Nyati kwamba ni mgonjwa?"

Mkewe alimtazama. "Nani wa kumwambia? Wewe? Wewe si ni pimbi tu? Atakukanyaga."

"Siendi peke yangu," alisema Pimbi.

Basi akawaita majirani wawili waliokuwa na kiu kama yeye, Kanga na Kobe. Kanga, wanangu, ni mwepesi wa kusema na mwepesi zaidi wa kulia. Kobe ni mtu mwema sana, ila ukimwambia jambo likifika kichwani mwake linachelewa kukaa.

"Kesho asubuhi Kanga utapita kwake," Pimbi aliwaelekeza. "Msalimie, halafu shtuka. Mwulize kama amelala vizuri. Basi. Kobe utafuata. Mwambie, 'Mjomba, mbona umekonda?' Rudia nisikie."

"Mjomba, mbona umekonda," alirudia Kobe.

"Sawasawa. Mimi nitamalizia."

Kulipokucha, Pimbi alijibanza nyuma ya jiwe karibu na bwawa. Nyati alikuwa barazani kwake anakunywa chai, anajisikia vizuri kama mtu aliyeshinda kesi. Kanga akaja akidonoa donoa.

"Shikamoo mjo... Uuuuwi!"

"Ebo! Kuna nini?"

"Hakuna, mjomba, hakuna!" Kanga alijifuta machozi kwa bawa. "Nilitaka kuuliza tu. Jana ulilala?"

"Nililala fofofo!"

"Mungu mkubwa. Basi kumbe huwa inaanza mtu akiwa amelala," alisema Kanga, akaenda zake analia kwa sauti, kwi kwi kwi.

Nyati akacheka. "Kanga kachanganyikiwa kwa kiu!" alimwambia mkewe. Akanywa chai nyingine. Lakini Pimbi, pale nyuma ya jiwe, aliona jinsi alivyoshusha kikombe na kujigusa shavu kidogo.

Kobe akaja. Wanangu, Kobe alikuwa amekariri maneno yake njia nzima. Mbona umekonda, mbona umekonda. Alipofika mbele ya ile shingo kubwa, maneno yote yakamtoka. Akasimama. Akatazama chini. Akatazama juu. Mwisho akakumbuka yale maneno ambayo watu huyasema mahali penye huzuni.

"Poleni kwa msiba," alisema Kobe.

Pimbi nyuma ya jiwe karibu azimie. Lahaula! Kobe kaharibu kila kitu!

"Msiba gani?" Nyati alinguruma. "Nani kafa hapa?"

Kobe akababaika. "Kwani... kwani bado, mjomba?"

"Bado nini?"

"Basi nimewahi," alisema Kobe kwa masikitiko ya kweli, maana aliona aibu. Akageuka, akaanza kuondoka polepole kama anavyoondoka siku zote. Ule mwendo wake ulifanana kabisa na mwendo wa mtu anayetoka kuaga maiti.

Nyati hakucheka tena. Aliweka kikombe chini. Akasimama, akaketi, akasimama.

Hapo Pimbi akatokea.

"Pimbi! Njoo hapa! Nitazame. Nina nini mimi?"

"Huna kitu, mjomba."

"Sema!"

"Mjomba, jana umenivunjia kibuyu na leo nakuonea huruma, sasa unataka nisemeje? Huna kitu. Hata hayo macho ni jua tu. Na huko kutetemeka kutaisha."

"Kutetemeka! Natetemeka?"

"Mimi sikusema unatetemeka."

Nyati akakimbilia bwawani kujitazama. Lakini alifika kwa kishindo, maji yakatikisika, na ule uso uliomo majini ukawa unacheza cheza huku na huku, umevimba huku, umenyauka kule. Nyati alitoa ukelele.

"Mke wangu! Natetemeka! Uso wangu unaondoka! Nitandikie kitanda!"

Na yule aliyekuwa akimtisha Simba akaingia ndani akijikokota, akishika ukuta.

Pimbi alisubiri mpaka mlango ulipofungwa. Kisha akapiga mluzi. Loo! Mngeona wanyama walivyotoka! Kwenye mashimo, kwenye vichaka, kwenye mapango. Chubwi, chubwi, chubwi! Sikitu alikunywa mpaka tumbo likalia kama ngoma. Kanga alimkumbatia Kobe na kumwambia hajawahi kuona mwigizaji kama yeye. Kobe hakuelewa, ila alifurahi.

Pimbi akawa anatembea kifua mbele. Mtu mdogo kama yeye kamwangusha Nyati bila fimbo wala jiwe! Kila akipita wanamwita "Bwana Pimbi," na kwa mara ya kwanza jina hilo halikuwa tusi.

Alidhani Nyati atalala siku mbili tatu, atachoka kulala, atatoka akiwa na adabu kidogo. Ndivyo alivyodhani.

Siku zikapita. Nyati hakutoka.

Asubuhi moja Bi Nyati alipanda jabali akihema, akaita mlangoni kwa Pimbi. Hodi yake ilikuwa ya unyonge. Vazi lake alikuwa amelifunga vibaya.

"Jirani, nimekuja kuomba msaada," alisema. "Mume wangu hali chakula. Nimempikia kila kitu anachopenda, anageuzia uso ukutani. Nataka kwenda kuwaita kaka zangu, ni mwendo mrefu. Njoo ukae naye mpaka nirudi. Anakutaja wewe. Anasema wewe peke yako ndiye uliyemwonea huruma."

Pimbi aliona haya kumtazama usoni. Akamfuata.

Ndani kulikuwa na harufu ya ugonjwa. Nyati alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, na Pimbi alipomwona alirudi nyuma hatua nzima. Yule si Nyati aliyemjua! Mbavu zilionekana. Shingo ile ya gogo ilikuwa imelegea kama kamba iliyolowa. Pimbi alinyoosha mkono, akamgusa paji la uso.

"Mama yangu!" aliuondoa mkono upesi. Paji lilikuwa la moto. Homa ya kweli! Hapakuwa na ugonjwa wowote, alijua hakuna, ugonjwa ule alikuwa ameutunga yeye mwenyewe mbele ya mkewe, na sasa ulikuwa umelala hapo kitandani unaunguza.

Bi Nyati alipoondoka tu, Pimbi alipiga magoti karibu na kitanda.

"Mjomba, nisikilize. Huumwi."

Nyati akafumbua jicho moja.

"Huumwi! Nilikudanganya. Nilimtuma Kanga ashtuke. Nilimtuma Kobe akuambie umekonda, akakosea. Tulitaka maji tu. Wewe ni mzima, ulikuwa mzima siku ile na ni mzima leo. Niadhibu, mjomba, nikanyage ukitaka, lakini inuka!"

Nyati akafumbua na jicho la pili. Kisha, jamani, akatabasamu.

"Pimbi," alisema kwa sauti ndogo, "una moyo mzuri wewe. Unajisingizia ubaya ili nisife na hofu."

"Sijisingizii! Ni kweli!"

"Najua, najua. Asante. Nilikuwa na wewe jirani miaka yote na sikukujua." Chozi lilimtoka Nyati, likateremka mpaka puani. "Nikifa, waambie wote waje kunywa maji. Na kile kibuyu... nisamehe kile kibuyu."

Pimbi alitarajia kupigwa. Alitarajia kutukanwa, kutupwa nje, kuvunjwa mbavu. Kuaminiwa katika uongo na kukataliwa katika ukweli, hilo hakulitarajia. Uongo wa asubuhi moja ulikuwa umeingia ndani ya Nyati kirahisi kama maji, na ukweli sasa unagonga nje na haufunguliwi.

"Mjomba, simama mara moja tu," alimsihi. "Jaribu. Hatua moja."

"Miguu sina tena, Pimbi. Siisikii."

"Unayo! Naiona! Hii hapa, minne!"

"Wewe unaiona. Mimi siisikii," alisema Nyati, akafumba macho.

Pimbi alikuwa bado amepiga magoti aliposikia kicheko huko nje. Hii, hii, hiiii! Nywele zake zote zikasimama.

Alichungulia mlangoni. Walikuwa Fisi! Ukoo mzima, wakubwa kwa wadogo, wamejifunga vitambaa vyeusi vichwani na wamebeba masufuria. Mdomo wa Kanga ulikuwa umetembeza habari za msiba mpaka ng'ambo ya kilima, na Fisi hawajawahi kukosa msiba. Wengine walikuwa tayari wamesimama kuzunguka bwawa. Chini kabisa Pimbi alimwona mkewe, na Sikitu kando yake, wamenasa kwenye upenyo wa jiwe na kibuyu kipya mkononi, hawawezi kutoka.

"Hodi hapa!" aliita Fisi mkubwa. "Tumekuja kumlilia mpendwa wetu. Maiti iko wapi? Tumekuja na masufuria ya kupikia chai."

Masufuria yale, wanangu, kila moja lingetosha kupikia paja zima.

Pimbi akatoka, akafunga mlango nyuma yake, akasimama kizingitini. Alijiambia: kama maneno yangu yalimwangusha Nyati, yatashindwaje na Fisi?

"Karibuni," alisema. "Mmekosea nyumba. Hapa hakuna maiti."

"Tumesikia Nyati kafa."

"Kafa? Yuko ndani ananoa pembe! Alieneza habari za msiba makusudi, aone nani atakuja na sufuria. Anawahesabu dirishani sasa hivi."

Fisi wakasimama. Mmoja akashusha sufuria chini. Mwingine akavua kitambaa cheusi, akakificha mgongoni. Yule mkubwa alimeza mate, akarudi hatua moja nyuma, kisha ya pili.

"Kwani alikasirika?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sana!" alisema Pimbi, nguvu zikimjia. "Kaniambia nisogee pembeni kidogo, nisije nikarukiwa na vipande vyenu."

Fisi wakageuka. Walikuwa wanaondoka, wanangu! Walikuwa wanaondoka kabisa! Ndipo kutoka ndani ikasikika sauti nyonge:

"Pimbi... nani hao? Kama wamekuja kunizika, waambie wavumilie kidogo. Sijafa bado, lakini sitachelewa."

Lo salaale!

Fisi mkubwa akageuka taratibu. Meno yote yakaonekana.

"Sitachelewa," alirudia. "Mmesikia? Anasema hatachelewa!" Hii, hii, hiiii! "Jamani, tumeletewa na kitafunio cha kuanzia."

Kabla Pimbi hajapumua, Fisi alikuwa amemdaka shingoni. Miguu yake ikaning'inia hewani. Maneno yake yote, zile mbinu zote, zilikuwa zimeisha kama moshi. Alimwona mkewe kule bwawani akimziba Sikitu macho. Akasikia pumzi ya Fisi sikioni, ya moto, inanuka mifupa.

"Mjombaaaa!" Pimbi alipiga yowe. "Mjomba nakufaaaa!"

Mara, VUUUU!

Mlango haukufunguka. Ukuta ndio uliopasuka! Udongo, fito, nyasi, vyote vikaruka juu, na katikati ya vumbi akatoka Nyati, macho mekundu, pua zinatoa moshi, na kitanda kizima cha kamba kimenasa kwenye pembe zake kinaning'inia shingoni.

"NANI KAMSHIKA JIRANI YANGU?"

Fisi alimwachia Pimbi palepale. "Maiti!" alilia. "Maiti imefufuka na kitanda chake!"

Mngewaona! Walikimbia wakikanyagana. Sufuria ikagonga sufuria, ng'wang'waring'wang'wari! Nyati alimtupa mmoja juu, akaanguka bwawani, akatoka upande wa pili bila kugusa maji tena. Aliyekimbilia kilimani, aliyekimbilia msituni, hakuna aliyeangalia nyuma. Vumbi lilipotua, palikuwa pamebaki kitambaa kimoja cheusi chini, basi.

Nyati alisimama katikati ya uwanja akihema. Polepole akainama, akatazama miguu yake ya mbele. Akageuza shingo, akatazama ya nyuma.

"Pimbi," alisema kwa mshangao, "si nilikuwa sina miguu?"

Pimbi alikuwa chini, anajishika shingo.

"Si nilikuwa nakufa? Paji si lilikuwa la moto?" Magoti ya Nyati yakaanza kucheza. "Ah... naona kizunguzungu kinarudi. Natetemeka. Ngoja nikae kidogo."

"Usikae!" Pimbi aliruka. "Mjomba, usithubutu kukaa! Tazama pale. Nani kavunja ule ukuta?"

Nyati akatazama. Tundu lilikuwa kubwa, mwanga wa jua umeingia mpaka uvunguni mahali kitanda kilipokuwa.

"Nani kavunja?" Pimbi aliuliza tena.

"Mimi," alisema Nyati.

"Mgonjwa anavunja ukuta?"

Nyati alikwenda hadi kwenye lile tundu, akaligusa kwa pua. Akapita, akaingia ndani. Akapita tena, akatoka nje. Kile kitanda kilikuwa kinaburuzika nyuma yake na yeye hana habari nacho. Aliinua mguu mmoja, akaushusha kwa nguvu, tifu! Ardhi ikatikisika. Akainua mwingine. Tifu!

"Nilisahau," alisema. "Nilisikia unalia, nikasahau kuumwa."

Kisha Pimbi aliona fikra zikimjia moja baada ya nyingine usoni.

"Kwa hiyo yale uliyoniambia kitandani. Kanga. Kobe. Wewe."

"Ni kweli tupu, mjomba."

Wanyama wote waliokuwa wakichungulia walirudisha vichwa. Nyati alimsogelea Pimbi, akasimama juu yake, kivuli chake kikamfunika Pimbi mzima. Akainua kwato, lile lile lililovunja kibuyu. Pimbi alifumba macho. Hakukimbia. Aliona haki ya kukimbia hana.

Akangoja. Akangoja. Akafumbua jicho moja. Kwato lilikuwa bado hewani, na Nyati alikuwa analitazama kama kitu ambacho hajawahi kukiona.

"Ulinidanganya asubuhi moja," Nyati alisema. "Siku zote zilizofuata nilijidanganya mwenyewe. Nilikuwa nikiamka najiambia leo nimezidi. Wewe hukuwepo. Nani aliniambia miguu sina? Si wewe. Ni mimi." Akashusha kwato chini, pembeni ya Pimbi, taratibu sana. "Na ulipokuja na ukweli nikakukatalia. Nilikuwa nimeshapenda kufa."

"Nisamehe, mjomba."

"Ondoka mbele yangu," alisema Nyati. "Nina hasira nawe, na leo miguu ninayo."

Pimbi alianza kukimbia.

"Pimbi!"

Alisimama bila kugeuka.

"Mwambie mkeo atoke kwenye lile jiwe ajaze kibuyu chake. Na kesho waambie wenzako waje mapema, kabla sijaoga. Yakishachafuka msinilaumu."

Jua lilipoanza kuteremka, Bi Nyati alirudi. Alikuja na kaka zake wote, wanapiga mayowe tangu mbali, mikono vichwani, maana njiani walikuwa wamekutana na Fisi wanaokimbia wakipiga kelele za maiti. "Ooo mume wangu! Ooo kaniacha!" alilia Bi Nyati akiingia uwanjani. Akaona ukuta umebomoka. Akaona kitanda hakipo. Akageuka, na hapo ukingoni mwa bwawa akamwona mume wake, kitanda shingoni, anatafuna nyasi kwa mashavu yote mawili, na kando yake watoto wa kila aina wanakunywa maji.

Mikono ikamshuka kutoka kichwani.

"Mke wangu," alisema Nyati akiwa na nyasi mdomoni, "acha kulia, nipikie. Na mniondolee kitu hiki shingoni, nimejitahidi nimeshindwa."

Bi Nyati akaanguka chali, puu! Ikabidi yeye ndiye abebwe.

Hayo ndiyo yaliyotokea, wanangu, na neno la kubeba ni hili: unayoyaamini moyoni juu ya nafsi yako ndiyo yatakayokulaza au kukuinua, basi chunga unachojiambia.

Na mimi maneno yangu yameishia hapa. Aliyekunywa maji amekunywa, aliyekimbia na sufuria bado anakimbia.